Dakika Moja ya Sauti

Aliyeshuka barabara ya gatini pale Homa Bay mwaka wa sitini na nane hakuweza kulikosa benchi la Sharif. Lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya madebe mawili yaliyojazwa mchanga, limeegemezwa ukuta wa duka la Dahir, upande ambao jua hulikuta kuanzia saa nane na kuliacha linapozama. Sharif mwenyewe alikuwa mtu wa Lamu, alifuata biashara bara akaikosa, akabaki na birika la shaba na jiko la makaa. Kila sehemu ya ubao ule ilikuwa na mwenyewe. Mwanzo alikaa Obura, waliyemwita Stima kwa sababu alipaka grisi injini za meli za ziwani miaka kumi na tisa mpaka sikio la kushoto likafa. Katikati alikaa Wangwe, Mkuria wa Ntimaru, mwandishi wa ghala la pamba. Yeye walimwita Karani, na kalamu ya wino ilikuwa yake peke yake. Mwisho, karibu na njia, alikaa Monari, fundi saa, Mgusii, jina lake la kijiwe Dakika, maana mteja hakuwahi kupata jibu jingine kwake ila “dakika moja tu”. Monari alikuwa Msabato wa wale wasioonja kahawa. Sharif alimchemshia tangawizi kwenye kisufuria chake, na hakuna aliyeona ajabu.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, Monari alikuja na barua ya ndege mkononi, imekwisha kufunguliwa.

— Paul ameandika, alisema.

Paul alikuwa mwanawe wa pekee. Aliondoka mwaka wa sitini na moja na wale vijana waliochukuliwa kwenda kusoma Amerika, na tangu hapo alikuwa barua: nne kwa mwaka, halafu tatu, mwaka jana mbili. Hii Monari alikuwa ameisoma mezani kwake mara tatu, nusu ya kwanza, iliyoandikwa kwa Kigusii. Kisha Paul alikuwa ameandika: “Baba, haya mengine sina maneno yake katika lugha yetu. Mpe mtu akusomee.” Na kuanzia hapo kilikuwa Kiingereza.

— Karani, nisaidie kutoka hapa chini.

— Hajambo lakini? Wangwe aliuliza, huku akivaa miwani.

— Hajambo. Anasema baridi imekwisha, sasa ni joto.

— Na Mama Paul? aliuliza Obura, kama alivyouliza kila siku. Yeye mzima?

— Mzima.

— Basi ukienda nyumbani salimia yeye sana. Ambia yeye Stima anasalimu.

— Nitamwambia.

Mama Paul alikuwa amezikwa tangu mwezi wa pili. Homa ilimpata Jumapili, na Alhamisi ikawa imekwisha. Monari alipopata habari alibandika karatasi mlangoni, “Nimefiwa”, akapanda basi la Kisii, akakaa nyumbani siku tisa. Aliporudi, Obura alimwuliza ni nani amefariki. Alifungua mdomo amtaje mkewe, na mdomo ukasema “shangazi”. Wakampa pole ya shangazi. Kesho yake Obura akauliza kama kawaida, Mama Paul hajambo, na Monari akasikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwamba hajambo. Baada ya hapo hakuona mlango wa kutokea. Hata Paul mwenyewe, Monari hakumwandikia. Kwanza alijiambia, kijana ana mtihani mwezi wa tatu. Kisha ukaja wa tano, na wa sita, na kila alipokaa na karatasi nyeupe alijikuta amechukua saa ya mtu akaanza kuifungua.

Wangwe alikohoa, akaanza kusoma polepole, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili mstari kwa mstari.

— Anasema hivi. “Baba, kazi yangu hapa ni mwanga. Kuna taa mpya, jina lake leza. Karabai inamwaga mwanga kila upande. Hii inatoa mwanga ulionyooka, rangi moja, hautawanyiki upesi. Sisi tunautaka uandike. Tuna sahani ya kioo inazunguka kama santuri, lakini hakuna sindano. Mwanga ndio sindano. Unachoma vidoa vidogo, vingi kuliko mchanga kwenye kiganja, na sauti inakaa ndani ya vidoa. Baadaye mwanga dhaifu unapita juu yake, unavisoma, na sauti inatoka.”

— Soma hapo tena, alisema Obura.

Wangwe alirudia.

— Hiyo maneno najua mimi, Obura alisema. Kwa meli tulikuwa na taa kubwa mbele. Kapteni akiwasha usiku hapa, nyumba za kisiwa cha Mfangano zinaonekana. Ile ilikuwa mwanga nene. Sasa fikiria ukikonda. Ukikonda kama unywele, utafika wapi?

— Wapi?

— Amerika, omera, ndugu yangu. Paul atasimama huko, atawasha, na sisi tutakuwa tunasoma barua kwa ukuta wa Dahir. Stempu itakufa.

— Dunia ni duara, alisema Wangwe. Mwanga utapita juu kwa juu.

— Meli zilikuwa zinapinda. Nasi tulifika.

Sharif alikuwa anapuliza makaa. Alizungumza bila kuinua kichwa.

— Mimi naona jingine. Ikiwa mwanga waweza kuandika sauti, basi jua limeandika tangu lilipoumbwa. Kwetu Lamu kuna ukuta babu yangu alikaa chini yake miaka hamsini, asubuhi na jioni, akizungumza. Jua lilikuwa likimpiga yeye na ule ukuta pamoja. Basi maneno yake yamo mle. Alichokosa mtu ni kifaa cha kuyasoma.

— Na huu ukuta wa Dahir? Obura aliuliza.

— Na huu. Yote uliyoyasema hapa, Stima, yamo.

Obura aligeuka akautazama ukuta nyuma yake, halafu akasogea mbele kidogo.

— Ngojeni basi, alisema Wangwe. Kuna shida anaieleza. “Shida yetu ni usafi wa mwanga. Ukiwa msafi, ukipita kwenye kioo cha kukuza unakusanyika kuwa doa moja, dogo, la duara. Ukiwa mchafu, doa linanenepa na kingo zake zinachakaa, linakalia nafasi ya jirani, na maneno yanachanganyika. Tangu mwezi wa nne mwanga wangu unatoa madoa mawili badala ya moja, yamekaa bega kwa bega kama macho ya paka gizani. Nimesafisha vioo. Nimevigeuza kwa upana wa unywele. Bado ni mawili. Wenzangu wanakwenda nyumbani mimi nabaki hapa.”

Monari aliingiza mkono mfukoni akatoa lenzi yake ya jicho, ile ya kutazamia saa.

— Nipe pakiti ya sigara, Stima.

Alipasua kipande cha karatasi, akakiweka juu ya goti, akaishika lenzi juani. Doa la mwanga lilitokea, pana kama kifungo cha shati. Akaishusha lenzi. Doa likapungua, likawa kama punje ya mtama, likang’aa hata jicho haliwezi kulitazama, na uzi wa moshi ukapanda. Aliposogeza kidogo, kidoa kingine kikatoboka kando ya cha kwanza. Halafu cha tatu.

— Hapa ndipo penyewe, alisema. Mahali ni pamoja tu. Ukizidi juu, doa linanenepa, halichomi. Ukizidi chini, vilevile. Sasa tazameni.

Alipitisha kidole chenye jasho juu ya lenzi, akairudisha palepale. Safari hii mwanga ulikuwa na mkia, na karatasi ikapata baka la kahawia tu, likafunika vidoa viwili vya mwanzo.

— Uchafu wa kidole kimoja, alisema Monari. Huo ndio ugonjwa wa Paul. Ila yeye vioo vyake ni safi, kwa hiyo si vumbi. Mimi nadhani kioo kinabanwa. Kioo ukikaza skrubu zake kupita kiasi kinapinda, ingawa jicho halioni. Nimeona kwenye lenzi hii hii. Alegeze skrubu.

Ilikuwa miezi mingi tangu waliposikia Monari akisema maneno mengi hivyo. Na Monari mwenyewe, akiwa ameinamia ile karatasi, alimwona mwanawe mbali huko, ameinama vilevile, jicho moja limefumbwa, baba na mtoto kwenye kazi moja. Alitamani Wangwe anyamaze hapo hapo.

Lakini Wangwe alikuwa amepata wazo lake.

— Mimi inaniogopesha, alisema. Sahani moja inaweza kumeza daftari zote za ghala. Wakulima wote wa pamba, kutoka hapa mpaka Magunga, kwenye kioo kimoja. Karani wa nini tena?

— Utauza dagaa wa omena, alisema Obura.

— Hapana, sikiliza. Halafu siku hiyo mwanga uwe mchafu. Doa la huyu likalie doa la yule. Mtu wa Kegonga apewe jina la mtu wa Mbita. Mzima aandikwe amekufa, na aliyekufa aandikwe mzima, aendelee kuitwa miaka na miaka, na serikali iape kwamba yupo.

Monari alikunja karatasi ya sigara mara mbili, akaitia mfukoni.

— Endelea kusoma, alisema.

— Imebaki kidogo. “Baba, sasa neno lenyewe. Sahani ikikamilika, kila mmoja wetu ataruhusiwa kuweka dakika moja ya sauti anayoitaka, kwa majaribio. Wenzangu wataweka muziki. Mimi nataka sauti ya Mama.”

Wangwe alitua, akamtazama Monari juu ya miwani, kisha akaendelea.

— “Nimeanza kuisahau. Uso ninao, nina picha. Sauti nikiitafuta usiku naikosa. Misheni ya Homa Bay wana mashine ya tepu, naomba umpeleke. Aseme chochote. Hata akiita mbuzi. Nitaingoja tepu hiyo kabla sijamaliza sahani. Mwanao, Paul.”

 Obura alipiga goti lake.

— Hiyo ni kazi ndogo. Mama Paul akuje hapa Homa Bay. Miaka sita nasalimu mtu sijaona.

— Ana kifua, alisema Monari.

— Kifua kitapona. Lori ya Dahir inaenda Kisii kila Jumapili. Atakaa mbele na dereva.

— Hapendi safari.

— Kwa mtoto wake atapenda. Na aimbe. Sauti ya kuimba inakaa zaidi kuliko ya kuongea.

— Asiimbe, alisema Sharif. Amwombee dua. Dua ya mama kwenye kioo, mtoto aende nayo popote.

— Amwite jina lake tu, alisema Wangwe. Dakika nzima, Paul, Paul. Mimi ndivyo ningetaka. Lakini misheni hawapokei mtu hivi hivi, wanataka barua. Naandika sasa hivi, kesho naipeleka.

Akatoa karatasi ya ghala, akaifungua kalamu. Monari alisema si lazima iwe leo. Wangwe alisema leo ndiyo siku. Monari alisema pengine mkewe angeona haya mbele ya mashine. Obura akasema watu wote wanaona haya mara ya kwanza, yeye mwenyewe aliionea haya boila ya meli. Kila alichotia Monari njiani walikiondoa, kwa upendo, mmoja baada ya mwingine, na tangawizi yake ilikuwa imepoa mkononi hajainywa.

Wakati huo alifika mwanamke mmoja mwenye kikapu cha omena. Alikuwa Mong’ina, mfanyabiashara wa ndizi kutoka upande wa Kisii, aliyeacha saa yake ya mezani kwa Monari wiki mbili nyuma, na leo ameambiwa fundi yuko kijiweni.

— Baba, nimefuata saa yangu, alimwambia Monari.

— Dakika moja tu, mama. Kaa hapo.

Akaketi ukingoni mwa benchi, kikapu miguuni, akawasikiliza. Wangwe alikuwa anaandika huku akisoma kwa sauti.

— “Kwa Bwana Mkuu wa Misheni. Tunaomba kwa heshima mumsaidie Mama Paul, mke wa Bwana Monari fundi saa, ili sauti yake iingizwe kwenye tepu…”

— Na tepu wataandika nini juu yake? aliuliza Mong’ina.

— Wataandika Mama Paul.

— Mama Paul ni wengi. Huko kwetu ninawajua watatu. Huyu anaitwa nani?

Kalamu ya Wangwe ilisimama. Alimtazama Obura, na Obura akamtazama Sharif, na Sharif akayatazama makaa. Miaka sita walikuwa wamemsalimu mwanamke huyo. Walijua ana ng’ombe wawili na shamba la wimbi, na kwamba kwenye chai yake hutia maziwa kabla ya maji. Jina lake hakuna aliyewahi kuliuliza, na hakuna aliyekuwa nalo. Wakageuka wote kwa Monari.

Monari hakuwa amelitaja tangu siku ya kaburi. 

— Aliitwa Bosibori, alisema.

Wangwe, aliyekuwa mtu wa maandishi, ndiye aliyelisikia kwanza. Alikuwa ameanza kuandika herufi ya B. Akaiacha hapo, akavua miwani.

— Umesema aliitwa.

— Ndiyo.

— Tangu lini, Dakika?

— Mwezi wa pili.

— Ule msiba wa shangazi.

— Hakukuwa na shangazi.

Sharif alitamka maneno ya msiba ya dini yake, kwa sauti ndogo, akaliondoa birika jikoni ingawa halikuwa limechemka. Mong’ina alivuta kanga yake akajifunika mabega. Obura alichelewa, kwa sababu ya sikio lake. Ilibidi Wangwe amsogelee amwambie. Alipoelewa hakumtazama Monari. Alitazama gati, na wapagazi, na maji.

— Mimi nimetuma salamu kila siku, alisema mwishowe. Zilikuwa zinaenda wapi?

— Nilibaki nazo, alisema Monari. Nisamehe. Nilikuwa nabaki nazo mimi.

Obura alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi. Kisha aliinuka mahali pake pa miaka yote, akaja akaketi upande ule mwingine, akambana Monari kati yake na Wangwe, sikio lake zima likiwa karibu naye.

— Sema basi ilikuwaje, alisema.

Na Monari akawaambia. Haikuwa habari ndefu. Homa, siku nne, mvua siku ya mazishi, ndugu waliotaka Paul apelekewe habari kwa simu ya upepo na yeye aliyekataa. Alisema alivyorudi akakuta saa zote dukani zimesimama, na jinsi alivyozijaza moja baada ya nyingine. Hawakumkatiza. Alipomaliza, Wangwe alichana barua ya misheni vipande viwili, akachukua karatasi nyingine, akaiweka juu ya ubao.

— Nikuandikie?

— Hapana. Hii ni ya Kigusii.

Wangwe akampa kalamu.

Alianza na skrubu, maana hilo lilikuwa rahisi. Aliandika kwa kirefu jinsi ya kuzilegeza, robo mzunguko, kwa zamu, kila moja ikingojea mwenzake, na asiguse kioo kwa kidole. Aliijaza nusu ya karatasi. Kisha kalamu ikatulia hewani muda mrefu. Mong’ina, ambaye kutoka alipokaa angeweza kusoma lugha ile, aligeuza uso akaangalia barabara. Monari akaandika mstari mmoja, na chini yake wa pili, na chini ya huo akaandika kwamba sauti haipo, haikuwekwa mahali popote, na kwamba yeye pia huitafuta.

Akakunja barua. Kahawa ilikuwa imekwisha, na Sharif hakuchemsha nyingine. Monari alikwenda dukani kwake akamrudishia Mong’ina saa yake, naye akaipokea kwa mikono miwili, akampa pole kwa lugha yao. Wangwe alirudi ghalani. Obura alitaka kumsindikiza Monari mpaka posta, Monari akasema ataweza mwenyewe.

Posta walikuwa karibu kufunga. Barua ya ndege ilichukua siku kumi na moja kufika kwa Paul. Monari alilijua hilo kwa mihuri ya miaka saba. Alisimama mbele ya sanduku na bahasha mkononi. Siku kumi na moja zaidi, alifikiri, kuna mtu mmoja duniani ambaye Bosibori kwake yu hai, yuko jikoni, anaita mbuzi, anakaribia kupelekwa kwenye mashine. Baada ya hapo hatakuwepo hata mmoja. Karani wa posta alimwuliza kama anatuma au hatumi. Monari alisema dakika moja tu. Akasubiri mpaka yule mtu aliposhika ufunguo, ndipo akaiachia.